Namba ya Siri Ikae kwa Nani?

Mzazi wa kijana mwenye usonji, na ADHD juu yake, huulizwa na jirani, mwalimu na hata imamu: huyu ataweza kujitegemea kweli? Swali hilo linampima kijana kwa kipimo ambacho hakuna mtu mzima wa Msambweni aliyekifikia. Mvuvi anamtegemea mwenye chombo, mwenye chombo anamtegemea mchuuzi wa samaki, naye mchuuzi ameacha watoto kwa mamake. Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre alishikilia, katika kitabu chake cha 1999, kwamba kutegemea wenzetu ni sehemu ya ubinadamu wa kila mmoja wetu.

Nakubaliana naye, ila naiogopa hoja hiyo ikifika kwetu Kwale. Kwa jina la kutegemeana, ukoo humwamulia kijana kila kitu: mjomba anashika pesa zake, shangazi anaitikia salamu aliyopewa kijana. Anapendwa, anashiba, na hasikilizwi. Mvuvi akichoshwa na mwenye chombo, hutafuta chombo kingine. Kijana huyu akisema sitaki, watu husema ni hali yake tu hiyo. Kwangu mimi, kujitegemea kunaanzia hapo: neno lako la kukataa lihesabiwe.

Chukua mfano wa M-Pesa. Kijana akitimiza miaka 18 anapata kitambulisho, anasajili laini kwa jina lake, na papo hapo nyumba nzima inauliza namba ya siri ikae kwa nani. Hofu ya mama ina msingi, kwa maana ADHD huweza kumfanya mtu atume pesa kabla hajafikiri, na matapeli wa simu hawana huruma. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataka katika ibara ya 12 mtu asaidiwe kuamua. Basi akiba iwekwe mbali, kwenye simu zibaki pesa za matumizi ya wiki, na namba aijue yeye.

Atapoteza kidogo. Ndivyo ilivyo pia na matatu ya Msambweni kwenda Ukunda: muziki ukimzidi, huenda akashuka njiani, Gazi, atulie, apande nyingine, huku mama akihangaika stejini. Wengi wataona ameshindwa. Mimi naona kijana aliyejua mwili wake unataka nini akachukua hatua, na nauli ya pili ilistahili kulipwa.