Tulichangia Daktari, Naye Anataka Kuwa Mhandisi



Nawaletea jambo lililotokea katika familia yetu hapa Ruziba, kwa sababu najua linagusa nyumba nyingi. Binti wa dada yangu alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa udaktari kwenye chuo kikuu hapa Bujumbura. Hakufeli. Jioni moja alikuja akaketi, akasema: "Mjomba, nataka kuacha udaktari niingie uhandisi." Kwake, kuhama huko ni kuanza upya mwaka wa kwanza, kwa hesabu, fizikia na michoro. Karo ya mwaka mzima imekwenda.

Karo hiyo haikutoka kwa mama yake peke yake. Tuliichanga. Yuko mama mmoja anayeuza ndagala, ambaye alitoa franga elfu mbili kila mwezi bila kukosa. Aliposikia habari aliuliza: "Mimi nilitoa kwa ajili ya daktari. Huyu mhandisi ni wa nani?"

Tusilidharau swali hilo. Je, mtoto aliyesomeshwa kwa jasho la wengine ana haki ya kugeuka katikati ya njia?

Wako wanaosema hana, nao wana Maandiko. Zaburi ya 15 inamsifu mtu anayeshika kiapo chake hata kikimtia hasara. Nami nilianza kwa kusema hivyo hivyo. Baadaye nikajiuliza: ni nani aliyeapa? Binti alipomaliza sekondari, sisi wakubwa ndio tulioketi tukasema atakuwa daktari. Tulisema hivyo kwa sababu tulizika watoto njiani kwa kukosa dawa. Yalikuwa maombolezo yetu, tukayafanya kuwa kazi yake. Yeye aliinamisha kichwa tu. Ukimya wa mtoto mbele ya wazee si kiapo.

Nilimuuliza sababu. Kama angeniambia anapenda kuitwa injinia, ningemrudisha alikotoka. Akajibu: "Mjomba, mgonjwa wa kipindupindu anatibiwa, anapona, kisha anarudi nyumbani kunywa maji yale yale. Mimi nataka kushughulika na hayo maji."

Nilikosa la kumpinga. Hapa Burundi mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa tarehe 1 Januari 2023, na Bujumbura ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa. Hata miji mikubwa ya Ulaya iliteswa na ugonjwa huu. Mwaka 1858 mto Thames, pale London, ulinuka hata wabunge wakashindwa kuvumilia. Kazi ya kujenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, ya kupeleka maji machafu mbali na mji, ikaongozwa na mhandisi Joseph Bazalgette. Mlipuko mkubwa wa mwisho wa kipindupindu mjini humo ulikuja mwaka 1866, nao uliua hasa watu wa upande wa mashariki, mahali ambapo mfumo huo ulikuwa bado haujakamilika. Yawezekana basi kwamba mhandisi naye ni tabibu, ila anafika kabla ya ugonjwa.

Lakini sababu nzuri haifuti deni. Tulikubaliana na binti mambo matatu, nami nawaachia vijana wetu wote.

Kwanza, aseme kabla ya kuhama, si baada. Wako wanaobadilisha masomo kwa siri, na wazazi hugundua miaka imekwisha. Kosa kubwa liko katika kuficha kuliko katika kugeuka.

Pili, apime gharama kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14. Achukue madaftari ya hesabu ya mwaka wa kwanza, akae nayo mwezi mzima kabla ya kusaini karatasi yoyote. Tamaa ya cheo huchoka upesi mbele ya hesabu.

Tatu, abebe sehemu ya hasara. Sasa jioni anafundisha watoto wa jirani hesabu kwa malipo kidogo, na fedha hiyo inaingia katika karo.

Nasi wazazi tuna la kujifunza. Mtoto tuliyemchangia karo hatukumnunua. Tulipoteza nyumba na mashamba, kwa hiyo tunashika watoto wetu kwa nguvu, kana kwamba wao ndio shamba lililobaki. Shamba halina sauti, lakini mtoto anayo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, binti alisimama mbele ya waliochanga akaeleza yote. Wengine hawakuridhika, na sikuwalaumu. Yule mama wa ndagala alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Nitaendelea kutoa. Lakini siku nyingine tukikaa kumchagulia mtoto kazi, yeye aulizwe kwanza."