Merikebu Iliyoinuliwa na Barafu



Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, Mwenyezi Mungu amwuliza mtumishi wake habari za barafu: imezaliwa na nani, na ni nani aufanyaye uso wa bahari kuwa mgumu kama jiwe. Ayubu hakuwa na la kujibu. Nasi tukaao karibu na Ikweta huenda twalisoma neno hilo na kulipita upesi, kwa kuwa barafu tuijuayo ni ile ya kileleni Kibo, nayo twaitazama kwa mbali. Walakini iko bahari ambayo maji yake huganda kweli, hata mtu aweza kutembea juu yake siku nyingi asione nchi kavu. Ndiyo bahari ya Ncha ya Kaskazini. Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za merikebu moja iliyokwenda huko, maana twaona ya kuwa habari zake zaweza kutusaidia kulifahamu neno la Mtume Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 5, mstari wa 6, afundishapo ya kwamba aliyejishusha chini ya mkono wa Mungu huinuliwa na Mungu mwenyewe, siku aipendayo yeye.

Siku hizi, kila kiangazi, merikebu kubwa huwachukua wasafiri kutoka pwani ya Norwei, penye milima iliyosimama wima juu ya maji na ghuba nyembamba ziingiazo mbali katika nchi, mpaka visiwa vya Svalbard, wapate kuitazama barafu. Hulala penye joto, hula vizuri, kisha hurudi kwao. Hapo kale mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1879 merikebu ya Wamarekani, jina lake Jeannette, ilitoka San Francisco ikiwa na watu 33. Mwezi wa Septemba barafu ikaikamata, ikaichukua huku na huku karibu miaka miwili. Hata mwezi wa Juni 1881 barafu ikaibana mbavu, ikavunjika, ikazama kaskazini ya Siberia. Waliookoka walikuwa 13 tu. Mwaka 1884 vitu vya merikebu ile vikaonekana juu ya barafu karibu na pwani ya kusini-magharibi ya Greenland, yaani upande wa pili wa bahari ile.

Wengi waliosikia waliona mabaki ya msiba tu. Lakini Fridtjof Nansen, kijana wa Norwei, alifikiri jambo jingine. Ikiwa vitu vile vimeivuka bahari nzima, basi barafu haikai mahali pamoja, bali husafiri; nayo yaweza kuichukua merikebu, mradi isiivunje. Akamwendea Colin Archer, fundi wa kuunda merikebu katika mji wa Larvik. Wakashauriana, na mwezi wa Oktoba 1892 merikebu ikashushwa majini. Jina lake likawa Fram, maana yake Mbele.

Tafadhali, wasomaji, tazameni jinsi ilivyoundwa. Urefu wake ulikuwa kama mita 39, na upana wake mita 11, hata waliozoea kuona merikebu nyembamba waliiona ni nene mno. Mbavu zake zilikuwa za mti mgumu, na unene wa mbao zake ulipita nusu mita. Lakini wazee wa safari za baharini walijua ya kuwa unene peke yake haufai, kwa sababu hakuna mti uwezao kushindana na barafu ya bahari nzima. Siri ya Fram ilikuwa katika umbo lake. Ubavu wake ulikuwa wa mviringo, tena laini. Mkuku wake haukutokeza sana. Usukani nao uliweza kupandishwa juu. Barafu ikija kuibana isipate pa kushika, bali iteleze chini yake na kuiinua. Fundi hakuiunda ipate kuishinda barafu. Aliiunda ipate kuinuliwa nayo.

Wakuu wengi wa safari za kaskazini walipolisikia shauri hilo walilikataa, wakasema kwamba ni kujiangamiza. Walakini tarehe 24 Juni 1893 Fram ikatoka katika mji mkuu wa Norwei, uitwao leo Oslo, ikaifuata pwani kwenda kaskazini hata Tromsø na Vardø, kisha ikageuka mashariki kuufuata ukingo wa Siberia. Na hapo gharama ya umbo lake ikajulikana. Katika bahari iliyo wazi merikebu ile ya mviringo ilipinduka huku na huku kama gogo, na watu wakaugua ugonjwa wa bahari. Umbo lililofaa wakati wa kubanwa lilikuwa taabu wakati wa raha. Ndivyo ulivyo unyenyekevu, ndugu zetu. Siku za raha mtu mnyenyekevu huchekwa. Kila wimbi laonekana kumtikisa, na wenye kujivuna humpita mbio. Siku ya kubanwa ndiyo itakayoonyesha ni nani aliyeundwa vema.

Mwezi wa Septemba 1893 maji yakaganda, wakashikwa. Walikuwa watu 13, na nahodha wao Otto Sverdrup. Wakangojea kuchukuliwa kwenda kaskazini. Na tazama, wiki za kwanza barafu ikawarudisha kusini, hata mwezi wa Novemba walikuwa nyuma ya mahali pale walipoanzia! Jua likatoweka, wakakaa gizani karibu miezi minne. Je, watumishi wa Mungu, hamwijui hali hiyo? Mwalimu amefundisha miaka miwili, na darasa la ubatizo limepungua badala ya kuongezeka. Mama ameomba kwa ajili ya mwanawe, na mwana amezidi kupotea. Twaenda Mbele kwa jina, na kwa kipimo twarudi nyuma.

Wale watu walifanya nini gizani? Hawakukaa bure. Mara kwa mara walipima upepo na baridi wakaandika. Walifanya kinu cha upepo cha kuwapa nuru ya umeme. Walipotaka kupima kina cha bahari, kamba waliyokuja nayo haikufika chini, kwa kuwa watu walidhani bahari ile ni ya kina kidogo. Basi wakaifumua kamba ya chuma ya merikebu, wakasokota kamba mpya, wakaona kina kinapita mita 3,000. Jambo hilo hakuna aliyelijua kabla yao. Na kwa nini walilijua wao? Kwa sababu walifungwa mahali pale. Kuna vina vya Neno la Mungu visivyopimwa na mpita njia, bali na yeye aliyeshikwa mahali pamoja, akawa mwaminifu katika kazi yake ndogo ya kila siku.

Mwezi wa Machi 1895, alipoona ya kuwa mwendo ni wa polepole mno, Nansen akatoka merikebuni pamoja na mwenzake Johansen, wakaenda kwa miguu na mbwa wao kuitafuta Ncha. Taabu yao haisemeki. Tarehe 8 Aprili wakafika digrii 86 na dakika 14, mbali kuliko mtu ye yote aliyewatangulia, na hapo wakalazimika kurudi. Na baridi iliyofuata waliishi katika kibanda cha mawe, wakila nyama ya dubu. Hatuwalaumu, maana walikuwa mashujaa kweli. Lakini lisikieni na hili: Fram, iliyobaki nyuma imefungwa, ilichukuliwa na barafu mwezi wa Novemba mwaka ule ule hata karibu sana na digrii 86. Hao waliokwenda kwa nguvu zote waliipita ile iliyongoja kwa sehemu ndogo tu. Wazee wetu wa pwani husema, dau la mnyonge haliendi joshi. Likienda joshi, ni Mungu kupenda.

Walakini kungoja kwao hakukuwa bila hofu. Mwanzo wa Januari 1895 barafu ilijirundika ubavuni kama ukuta, ikanguruma, ikapanda hata sitahani. Watu wakashusha vyakula vyao juu ya barafu, wakalala na nguo zao, tayari kuiacha merikebu. Ndipo Fram ikajikwanyua, ikainuka. Kitu kile kile kilichoizamisha Jeannette ndicho kilichoiinua Fram. Tarehe 13 Agosti 1896 ikatoka katika barafu karibu na Svalbard. Na siku ile ile, pasipo wao kwa wao kujua, Nansen na Johansen walifika Vardø katika merikebu nyingine. Katika wale 13 hakupotea hata mmoja.

Sasa, wapenzi, hapa yatupasa kusema kwa uangalifu. Mtu asiyashike maneno haya akamwendee jirani aliyevunjika, aliyezika watoto wawili katika mwaka mmoja, amwambie: "Umevunjika kwa kuwa huna imani." Sivyo. Watu wa Jeannette hawakuwa waovu kuliko watu wa Fram; walivumilia mengi, wakiburuta mashua zao na kusaidiana. Tena, kama Jeannette isingalivunjika, Nansen asingalijua njia. Mabaki yao ndiyo yaliyowaongoza wengine. Mungu hakitupi kitu kilichovunjika mkononi mwake. Na msalaba wa Mwana wake ni shahidi. Bwana wetu alibanwa pande zote, akashuka chini kabisa, hata mauti. Na pale pale wanadamu walipoona mwisho, Baba akamwinua.

Wala mtu asiseme, "Basi nitajifanya mnyenyekevu, ili Mungu aniinue." Merikebu haikujichonga yenyewe. Ilichongwa na fundi, naye aliichonga kabla haijaiona barafu. Sisi nasi tuliwekwa mkononi mwa Fundi siku ya ubatizo wetu, naye hutuchonga kila siku kwa Neno lake, akikwangua kiburi na ugomvi na kupenda cheo, yaani kila kona ambayo taabu ingaliweza kuishika na kutuvunja. Mkwaruzo wake wauma. Lakini baharini, kati ya barafu, hakuna pa kuunda mkuku mpya. Kwa hiyo, enyi wazazi, wafundisheni watoto Katekisimo wakati wa raha. Enyi walimu, msilidharau darasa la watu watatu. Enyi wazee wa kanisa, mapatano yafanyeni leo, kabla njaa au msiba haujaubana usharika.

Neno la mwisho. Mwaka 2019 merikebu ya Wajerumani, Polarstern, iliifuata desturi ya Fram, ikajiacha ishikwe na barafu ili wenye elimu wapime. Lakini mwisho wa Julai 2020 barafu iliyoishika ikavunjika vipande vipande. Barafu ile yapungua kwa sababu dunia yazidi kupata joto kwa moshi wa makaa na mafuta ya wanadamu. Mwezi wa Septemba 2012 ilipimwa kilomita za mraba milioni 3.4 tu, chini ya vipimo vyote vya setilaiti vilivyotangulia tangu mwaka 1979. Barafu ya Kibo nayo yapungua machoni petu. Kwa hiyo tusiweke tumaini letu juu ya kitu kinachotubeba leo, kiwe mshahara, au afya, au cheo, au ukoo mkubwa. Kile kilichoonekana kigumu kama jiwe chaweza kuyeyuka katika maisha ya mtu mmoja. Mkono ulio chini ya barafu ndio usioyeyuka.

Basi wewe uliyeshikwa mwezi huu, unayerudishwa nyuma, usiyeona jua: ifanye kazi yako ya leo, pima kina cha mahali ulipo, ukangojee. Mungu aliyeigandisha bahari aijua saa ya kuifungua. Yeye na akuinue kwa wakati wake, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.