Uliza Ilianza Lini

Wanangu mnaoanza kazi ya afya katika vijiji vya mashamba ya chai, kuanzia Kericho mpaka Konoin kule Bomet, nina ombi moja. Mgonjwa wa kikohozi akiletwa mbele yako, andika siku ugonjwa wake ulipoanza. Siku aliyokuja zahanati haitoshi.

Mtaniambia hilo ni jambo dogo. Basi sikieni habari za Dennis Shanks, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akitafiti malaria huku kwetu miaka ya 1990. Yeye na wenzake, Wakenya wakiwemo, walifungua vitabu vya hospitali za makampuni ya chai. Makampuni yalikuwa yakiwatibu wafanyakazi na jamaa zao, na tangu miaka ya 1960 makarani walikuwa wakiandika waliolazwa mwezi baada ya mwezi. Vitabu hivyo ndivyo vilivyothibitisha kwamba malaria ilikuwa imerudi kwa nguvu kwenye vilima hivi vya baridi. Swali likawa kama joto ndilo lililoirudisha. Mwaka 2002 Shanks, Simon Hay, Robert Snow na wengine waliandika katika jarida la Nature kwamba hawakuona badiliko la maana katika hali ya hewa ya nyanda hizi. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake wakarudia vipimo vya Kericho, wakakuta joto limepanda. Ubishi wa wasomi hao wote uliwategemea watu wa hapa hapa, waliosoma kipimajoto asubuhi wakaandika walichokiona. Majina ya watu hao hatuyajui, nami naona wanastahili heshima sawa na wasomi.

Baadaye Shanks alihamia Australia, akaongoza taasisi ya malaria ya jeshi la huko, na akageukia homa ya mafua ya 1918, ile iliyoua makumi ya mamilioni duniani. Huku Kenya homa hiyo iliingilia Mombasa, ikapanda bara pamoja na reli. Kwa kuwa majeshi yalikuwa yameandika siku askari alipougua na siku alipofariki, yeye na John Brundage waliweza kuhesabu. Waliokufa ndani ya siku tatu za mwanzo walikuwa wachache sana. Wengi walifikisha wiki moja au zaidi. Mwaka 2008 wakaeleza kwamba mara nyingi mafua yalidhoofisha mapafu tu, kisha bakteria wa kawaida, wale tunaokaa nao puani na kooni, wakashuka na kuleta nimonia iliyoua.

Kwa hiyo kati ya mafua na kifo kulikuwa na siku kadhaa, na nyinyi mnafanya kazi ndani ya siku hizo. Mtoto ana mafua siku ya kwanza, siku ya tatu anacheza, siku ya sita anahema. Kama hukuandika siku ya kwanza, utamwona ni mgonjwa mpya wa leo.

Mama akikwambia "tangu juzi", usiandike juzi. Kwetu juzi yaweza kuwa wiki iliyopita. Muulize: ilikuwa kabla ya siku ya soko? Shule zilikuwa zimefunguliwa? Uliendelea kuchuna chai, au ulibaki naye nyumbani? Atakumbuka. Kisha mfunue mtoto kifua, ushike saa, uhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Wa mwaka mmoja mpaka kabla ya kutimiza mitano, 40. Mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, usingoje kesho, mpeleke hospitali. Angalia pia kadi ya chanjo: ile ya nimonia imekuwa ikitolewa Kenya tangu 2011, na bado utakuta mtoto aliyekosa dozi.

Hospitali ya Kericho ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyochukua sampuli puani kwa ajili ya kufuatilia mafua nchini, na kazi hiyo ilionyesha kwamba Kenya mafua hayana msimu mmoja. Yapo mwaka mzima. Kwa hiyo hakuna mwezi wa kulegea.

Na ikiwa mkubwa wako atakuhimiza kujaza rejista yote mwisho wa mwezi ili taarifa iende kwa wakati, mwambie kwa adabu kwamba utapeleka ulichokiandika, na pale ulipokosa kuuliza utaacha wazi.