Hesabu Kabla ya Kushusha

Wanangu, haya nimekwisha kuyasema mara nyingi, na sauti imechoka. Lakini kila ninapowatazama mkicheza briji, wapinzani wakitangaza slamu tu, mkono unamrukia ree kabla kichwa hakijafanya kazi. Basi nisikilizeni tena, taratibu.

Slamu ndogo ni ahadi ya kula mizunguko 12 kati ya 13. Wakiitimiza, juu ya alama za mkataba wenyewe hupewa zawadi ya 500, au 750 wakiwa tayari wana gemu moja. Slamu kubwa, ya mizunguko yote 13, zawadi yake ni 1,000 au 1,500. Na mali yote hiyo huweza kuamuliwa na karata moja, ile anayoanza nayo mmoja wenu kabla mwenzi wa mwenye mkataba hajalaza zake mezani. Hujaona chochote ila karata 13 ulizoshika. Ila mnada umeusikia, na mnada umesema mengi. Msikivu hakosi pa kuanzia.

Tuanze na huyo ree mnayemkimbilia. Kazi yake ni kumkamata mfalme. Ukimshusha mwanzoni, anakamata vidogo, na mfalme na malkia wa mpinzani wanabaki huru kula mizunguko inayofuata. Umepata mmoja, lakini ili kuvunja slamu ndogo unahitaji miwili. Wa pili utatoka wapi? Jiulizeni hivyo kabla ya jambo lolote. Kama una mzunguko mwingine wa hakika, tuseme mfalme wa turufu aliyelindwa vizuri, mshushe ree bila wasiwasi. Kama mnada umeonyesha kuwa wana rangi ndefu ya kutupia karata zao mbovu, nako kumchelewesha ni hatari. Lakini kumshusha kwa woga tu, hapana.

Sasa hesabuni. Ree alama 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1: karata zote 52 zina alama 40. Wanaofikia sita bila turufu, yaani slamu ndogo, kwa nguvu ya alama huwa nazo kama 33. Zinabaki 7. Ukiwa nazo 6 mkononi mwako, mwenzio hana zaidi ya ghulamu. Usianze na karata ndogo chini ya mfalme wako ukimtegemea malkia asiyekuwapo. Utampa mwenye mkataba mzunguko ambao angeuhangaikia. Anza na karata tulivu, kama ya pili au ya tatu katika vidogo vitupu, umwache atafute mwenyewe.

Katika slamu ya rangi mambo hugeuka, na hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Chukueni mfano huu. Mpinzani wa kulia alifungua kwa kopa, mwenziwe akataja uru mara mbili, kisha akakubali kopa, wakaulizana maree, wakaishia kopa sita. Wewe una shupaza nne zenye mfalme na tisa juu, turufu mbili ndogo, uru tatu ndogo na pau nne zisizo na maana. Alama zako ni 3. Basi mwenzio anaweza kuwa na kitu. Ukianza na pau kwa kuogopa, mwenye mkataba atakula na kuzivuta turufu. Hata mwenzio akila kwa ree wa turufu na kurudisha shupaza, atakuwa amechelewa: ree wa shupaza bado yupo kwao, na uru ndefu zitameza shupaza zao zilizobaki.

Ukianza na shupaza ndogo, na mwenzio akiwa na malkia wake, ree wa shupaza anatolewa mzunguko wa kwanza kabisa. Mwenzio akiingia kwa ree wa turufu, mzunguko wenu wa pili unawangoja. Ndiyo, pengine malkia yuko kwao, na umewapa zawadi. Lakini wenye rangi ndefu mara nyingi wangeifikia zawadi hiyo hata ungenyamaza. Ujasiri huo umezaliwa na hesabu, si na pupa.

Karata ya pekee katika rangi nayo ipimeni kwa mizani hiyohiyo. Ukiwa dhaifu, mwenzio anaweza kuwa na ree wa kuingilia na kukurudishia ili ukate kwa turufu. Ukiwa mwenye nguvu wewe, nani atakurudishia? Na slamu kubwa ikitangazwa, mzunguko mmoja unatosha kuivunja. Hapo msijenge chochote. Tafuteni karata isiyowapa kitu.

Kisha msikilizeni mwenzenu. Akiipiga dabo slamu ambayo wapinzani wameifikia kwa hiari yao, hatafuti alama chache za ziada. Mmarekani Theodore Lightner ndiye aliyeipa dabo hiyo maana yake: anakuomba uache karata ya kawaida na uanze na isiyotarajiwa, kwa kuwa huenda kuna rangi ambayo hana hata moja na anataka kuikata. Mara nyingi ni rangi ya kwanza iliyotajwa na yule atakayelaza karata zake. Mwenzio amekuomba hivyo, nawe unaanza na rangi yako uipendayo? Huo si ushirika.

Kwenye mashindano karata ya kwanza huwekwa kifudifudi, ili wenye maswali juu ya mnada waulize kabla haijafunuliwa. Lakini anayeanza na aulize na kufikiri kabla ya kuiweka. Pitieni mnada tangu mwanzo, hesabuni alama, mjiulize nafsini mzunguko wa pili utatoka wapi, ndipo mshushe. Na slamu ikitimia hata baada ya yote hayo, msimkaripie mwenzenu, wala msiiache hesabu kwa sababu ya siku moja mbaya. Aliyehesabu sawasawa na akashindwa ametimiza wajibu wake, na kesho ahesabu vilevile.