Hakufanyi Kitu Huyo

Nyuki akiingia sebuleni, mtoto akapanda juu ya kiti huku akilia, mzazi huwa na jibu tayari: "Hakufanyi kitu huyo!" Maneno ya huruma, ila si ya kweli. Nyuki huuma. Mwiba wake una vijino vinavyonasa ngozini, naye hufa. Nyigu huuma na kurudia. Mtoto aliyewahi kuumwa anayajua haya vizuri kuliko anayembembeleza.

Je, yafaa kumdanganya mtoto ili awe jasiri?

Katika mkusanyiko wa Abu Daud imo hadithi ya Abdullah bin Amir, aliyeitwa na mama yake aje apewe kitu, na Mtume Muhammad yupo nyumbani kwao. Mtume alimuuliza mama alikusudia kumpa nini. Tende, akajibu. Akaambiwa kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Ikiwa ahadi hewa ya tende huandikwa, sijui "hakufanyi kitu" itaponea wapi.

Wapo waliotafuta njia isiyohitaji uongo. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu chake cha malezi cha 1693, alimzungumzia mtoto anayekimbia chura. Chura awekwe mbali. Mtoto azoee kumtazama, kisha asogee, amwone akiruka, halafu amguse kidogo akiwa ameshikwa na mwingine, hadi aweze kumshika mwenyewe. Mwaka 1924 Mmarekani Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto mdogo, Peter, aliyeogopa sungura. Sungura alisogezwa kidogo kidogo wakati Peter akila chakula akipendacho, hadi akaweza kumshika.

Lakini chura na sungura hawana mwiba. Kwa nyuki, safari hiyo ya hatua kwa hatua haina sababu ya kuishia mkononi. Yaweza kuanza na nyuki aliyekufa ndani ya chupa, ikapitia sega la asali, ikakoma hatua chache kutoka kwenye maua ya mchungwa, mtoto mwenyewe akisema lini yuko tayari kusogea.

Mwanafalsafa Aristotle alimwona asiyeogopa chochote kuwa kama mwendawazimu; jasiri kwake ni anayeogopa kinachostahili, kwa kiasi chake. Tembo wa Kenya wangekubaliana naye. Mtafiti Lucy King na wenzake waliwachezea sauti ya nyuki waliochokozwa, na makundi mengi yakatimua mbio. Leo wakulima wa Sagalla, karibu na Tsavo, huzungushia mashamba yao mizinga iliyounganishwa kwa waya ili kuwazuia. Hakuna anayemwita tembo mwoga.

Kipimo hicho cha Aristotle mtoto anakiweza. Nyuki aliye juu ya ua anatafuta chakula: simama, mwache apite. Mzinga uliochokozwa ni habari nyingine, maana anayeuma huacha harufu inayowaita wenzake: kimbia, funika uso, ingia ndani. Kupunga mikono, jambo linaloonekana kama ushujaa, huwachochea zaidi. Akiumwa, mwiba utolewe upesi, pawekwe barafu, na aambiwe wazi kwamba patauma kwa muda.

Mtoto aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya kuumwa yumo katika hesabu tofauti kabisa. Hofu yake ina haki yote, na wa kumwona kwanza ni daktari. Masomo ya ujasiri yatasubiri.