Majilio Katika Nyumba Isiyo na Mtoto



Majilio yamefika tena, na kuna nyumba ambamo habari za Mtoto wa Betlehemu huchoma moyo. Hao ni wanandoa waliofunga ndoa miaka saba, kumi, hata zaidi, na bado hawajajaliwa mtoto. Ndugu humwita mume kando na kumwambia, "Wewe mwanamume, utangoja mpaka lini? Tafuta mwingine." Mke naye huambiwa na wanawake wenzake kwamba imani yake ni haba, angeomba vizuri, angekuwa amekwisha pata.

Neno hilo la imani haba limewaumiza wengi, na si kweli.

Tarehe 19 Desemba Kanisa hutusomea habari za nyumba mbili za namna hiyo: ya Manoa na mkewe katika kitabu cha Waamuzi, na ya Zakaria na Elizabeti katika Injili ya Luka. Luka anatangulia kusema kwamba wote wawili walikuwa wenye haki mbele ya Mungu, ndipo anasema hawakuwa na mtoto. Basi utasa ule haukuwa adhabu. Tena malaika alipomwambia Zakaria kwamba sala yake imesikiwa, mzee yule hakusadiki! Aliomba, na alipojibiwa akauliza atajuaje. Je, Mungu alighairi? La. Zakaria alikuwa bubu, lakini mtoto alikuja. Uwezo wa Mungu hauna mpaka, na hata uchache wa imani yetu hauwezi kuuwekea mpaka. Anayetaka kumpima dada yake imani kwa kuhesabu watoto, amsome Zakaria kwanza. (Jirani zetu Waislamu hapa Isiolo nao wanamjua Zakaria na sala yake, imo katika Sura ya Maryamu.)

Sisi watu wa Isiolo twajua kungoja. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mifugo ilikufa, na wazee walibaki na fimbo tu mkononi. Lakini aliyeomba mvua hakuketi kitako; alihamisha wanyama, akatafuta maji mbali. Vivyo hivyo, mnaoomba mtoto nendeni hospitali, tena wote wawili. Waume wengi humtuma mke peke yake, kana kwamba daktari aweza kumpima mume kwa kumtazama mke! Kasoro yaweza kuwa ya mume, ya mke, au ya wote wawili. Kwa mganga msiende. Huko mtaacha mbuzi wenu, na mtarudi na jina la jirani wa kumchukia.

Je, kama mtoto hatakuja kabisa? Swali hili tusilikimbie. Mungu aweza yote, lakini hakumwahidi kila mtu yale aliyomwahidi Zakaria. Kumtumaini si kumpangia kazi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, yasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Maana yake, ndoa yenu ni ndoa kamili leo hii, ninyi wawili mezani na sahani mbili. Anayemshauri mume "atafute mwingine" anamshauri avunje agano. Katekisimu nayo yafundisha kwamba ndoa ya namna hii yaweza kujaa maana, ikazaa matunda ya upendo na ukarimu. Wapo walioasili mtoto kwa njia ya mahakama, kama Sheria ya Watoto ya 2022 inavyoruhusu. Wapo waliolipia watoto wa ndugu karo. Lakini msifanye hivyo kama rushwa kwa Mungu ili awape wa kwenu.

Kuhusu ndugu, angalieni jambo moja zaidi katika Luka. Siku ya nane walikuja na jina lao tayari: mtoto aitwe Zakaria, kama baba yake. Elizabeti akakataa, akasema ataitwa Yohane. Wakamgeukia mume, labda wakidhani atamkana mkewe. Mzee akaomba kibao, akaandika jina lile lile alilolitaja mkewe. Hapo hapo ulimi wake ukafunguka.