Nani Alaumiwe?

Katika chuo kimoja cha ualimu nilichopata kufundisha, palikuwa na msumeno wa meza uliosahauliwa nyuma ya karakana. Ulikuwa umefunikwa kwa gunia, na kuku wa mlinzi walikuwa wametaga chini ya mota yake. Uso wake wa chuma cha kusubu ulikuwa mwekundu kwa kutu. Nilipouona niliingiwa na tamaa ya kuufufua, maana shule za jirani tulizozitumia kwa mazoezi ya kufundisha zilikuwa na uhaba wa madawati, na mbao za kazi hiyo ni nyingi mno kupasuliwa kwa msumeno wa mkono.

Kazi hiyo ilinichukua likizo nzima. Niliisugua meza kwa msasa na mafuta ya taa hata ikang'aa. Nikang'oa beringi mbili zilizokuwa zikilia, nikatia mpya. Nikabadili mkanda uliopasuka. Nikamwita fundi wa umeme, akautoa waya uliotafunwa na panya, akatia mwingine wenye waya wa ardhi. Mwisho nikachagua jino moja la msumeno, nikapima kwa rula umbali wake na mfereji wa meza, kisha nikalizungusha jino lilo hilo hadi nyuma nikapima tena, kwani msumeno usiokwenda sambamba na mfereji huubana ubao. Vipimo vilipolingana nilifurahi kama mtoto.

Vitu viwili havikuwapo: kifuniko cha juu ya meno, na kisu chembamba cha chuma, kisicho na makali, ambacho husimama nyuma ya msumeno. Nilijua kwamba havipo. Lakini mashine ilipasua mbao bila hivyo, nami nikajiambia kwamba vitatafutwa baadaye.

Yafaa nieleze kazi ya kisu hicho. Ubao unapopasuliwa kwa urefu, mara nyingine nusu zake mbili hujikunja na kukutana tena nyuma ya msumeno. Huko nyuma meno hayashuki, bali hupanda. Yakiugusa ubao huuinua na kuurusha kumwelekea anayeusukuma. Msumeno wenye upana wa sentimita 25, ukizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yake hukimbia karibu mita 40 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Kisu kile huziweka nusu mbili mbali mbali. 

Katika muhula uliofuata, mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuwa akipasua ubao wa saiprasi ambao haukukauka vizuri. Ubao ulibana, ukaruka, ukampiga tumboni. Alilala hospitali siku nne. Mkuu wa chuo aliponiuliza sababu, nilijibu, "Alisimama mahali pasipofaa." Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimewafundisha wote kusimama kando ya mstari wa msumeno, kuvua saa na kukunja mikono ya shati, na kusukuma mwisho wa ubao kwa kijiti wala si kwa vidole. Yeye alisahau. Mkuu aliridhika.

Mimi sikuridhika. Je, mtu aweza kusema kweli na bado akawa ameikimbia haki? Naona kwamba aweza, tena kwa urahisi. Kijana yule alikuwa kwenye ubao wake wa arobaini siku hiyo, na kufumba na kufumbua mguu wake ulikwenda mahali usipotakiwa. Mimi nilikuwa na likizo nzima. Nilikaa kwa utulivu, kikombe cha chai mkononi, nikaamua kwamba mashine imekwisha ilhali haikwisha. Kosa lake lilikuwa la mwili uliochoka. Langu lilikuwa la akili iliyopumzika. Sijui ni kwa mizani gani la kwanza laweza kuonekana zito kuliko la pili.

Mzee mmoja seremala, ninayemheshimu sana, hakukubaliana nami. "Mwalimu," alisema, "kinga humfanya kijana mzembe. Hofu ndiyo impasayo kumwongoza." Hoja yake si ya kudharauliwa. Ni kweli kwamba kifuniko huwa na udhia: ukitaka kuchimba mfereji ndani ya ubao bila kuupasua, sharti ukiondoe. Hivyo ndivyo vifuniko vingi vinavyopotea. Huondolewa asubuhi kwa kazi moja, vikatundikwa msumarini visirudishwe. Lakini mzee huyo hana ncha ya kidole cha shahada. Nilimwuliza kwa adabu ilipotea lini. Akajibu kwamba wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi. Basi hofu ilikuwa imemfundisha miaka ishirini na sita, nayo siku moja haikufika kazini.

Mnamo mwaka 1999, Mmarekani Steve Gass, mwanafizikia na mwanasheria, alibuni msumeno unaotambua ngozi ya mtu kwa umeme mdogo sana na kusimama kwa muda wa kama sehemu tano za elfu za sekunde. Makampuni makubwa hayakuuchukua. Akaanzisha kampuni yake mwenyewe na kuuza ya kwanza mwaka 2004. Chuo chetu hakikuwa na fedha za mashine kama hiyo. Lakini kisu nilichokiacha mimi kilihitaji kipande cha bamba la chuma tu, kinene kuliko mwili wa msumeno, chembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Nacho Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya Kenya ya mwaka 2007, humtwika mwenye mahali pa kazi wajibu wa kuzikinga sehemu za mashine zenye hatari.

Nilirudi kwa mkuu wa chuo nikampa nusu ya pili ya jibu langu. Kisha nikaenda kwa kijana, naye alikuwa angali akitembea amejishika ubavu, nikamwambia kwamba nilijua tangu mwanzo kuwa kisu hakipo. Alinyamaza kitambo. Halafu akaniuliza, "Madawati yamebaki mangapi, Mwalimu?" Yalikuwa yamebaki kumi na mawili. Tuliyamaliza wiki ya mwisho ya muhula, kisu na kifuniko vikiwa mahali pake, naye amesimama kando.